Mbwa Aliyevaa Kitenge

Sifa ni kwa Mungu, asiyemsahau hata kiumbe asiye na mwenyewe. Juzi pale Cheyo niliwaona vijana wakiwachanja mbwa koko na kuwafunga mikanda shingoni, nikakumbuka alasiri moja ya utotoni kwetu Igalula.

Jiko lilinukia karanga za kukaanga. Milio ya bunduki ilikuwa ikisogea, kwani mbwa wasiofungwa kitu shingoni walikuwa wakiuawa kwa hofu ya kichaa cha mbwa. Nyuma ya kuni zetu alijificha mbwa koko mwenye mimba. Bibi akachana kitenge chake, akamfunga shingoni. Nilidhani anamfunga ili amtoe auawe, nikaangua kilio.

Mwenye bunduki akapiga hodi. "Shikamoo, mama. Huyo ni wako?"

"Marahaba. Ni wangu. Huoni amevaa?"

"Tena kitenge kizuri kuliko cha mke wangu!" Akacheka, akaenda zake.

Bibi akanifuta machozi. "Nyamaza, mjukuu wangu. Nimeshasema ni wangu. Mletee maji, nisije nikawa mwongo mbele za Mungu."

Nilikimbilia mtungi huku nikicheka.

Wewe usomaye, Mungu akujalie mtu wa kusema "huyu ni wangu" siku utakapomhitaji.