Mwendo wa Kiwanda cha Barafu

Siku ya kumzika mumewe, kabla jeneza halijatolewa sebuleni, mjane alivutwa kando na shemeji yake, mdogo wa marehemu.

"Shemeji, ukisimama kutoa wasifu, usisahau ile medali. Watu wameizoea."

Medali haikuwapo. Wanaosema njia ya mwongo ni fupi hawakumjua shemeji huyu. Uongo wake, kwamba kaka yake alirudi na medali kutoka mashindanoni, ulianza kutembea mtaani nywele zake zikiwa bado nyeusi, na mpaka leo ulikuwa haujachoka. Marehemu hakuwahi kumuumbua nduguye mbele za watu. Akipongezwa, aliinamisha kichwa na kwenda zake kazini, na mkewe peke yake ndiye aliyejua jinsi pongezi zile zilivyomchoma.

Marehemu alikuwa mpakiaji katika kiwanda cha barafu. Wakati huo nchi za baridi zilikuwa zimeshindana kwenye theluji miaka na mikaka, na nchi za joto ndiyo kwanza zinajaribu kupeleka watu. Mwaliko wa mashindano hayo ulipofika, wakubwa wa michezo walikuna vichwa. Nani hapa anaijua barafu? Wakamchukua yeye, kana kwamba kila muuza maji anajua kuogelea.

Kiwandani alikuwa amefunzwa mwendo: gunia juu ya viatu, magoti yakunjwe kidogo, kisigino kisiinuke, mguu uburutwe. Kule akakuta vilima, theluji laini, na mbao mbili ndefu za kufunga miguuni. Katika mbio zile ndefu alianguka mpaka waliokuwa wakimcheka wakaona haya. Wenzake walikwisha kuoga na kula, yeye bado yuko msituni, anajiburuta kwa mwendo wa kiwandani. Alivuka mstari wakati vibendera vya njia vinang'olewa.

Mjane alisimama kando ya jeneza. Alimpenda shemeji yake na hakutaka kumvua nguo mbele ya watu. Lakini huyu aliyelala, nani mwingine angemsemea?

"Mume wangu hakuleta medali," alisema. "Alikuwa wa mwisho. Nilimuuliza, kwa nini hukuacha tu? Akaniambia, 'Mke wangu, nilitumwa nifike.' Basi alifika. Mzikeni na hilo."

Shemeji alitazama sakafu.

Wapakiaji wa kiwandani wakaliinua jeneza, naye shemeji akashika upande wa mbele. Kibaraza kilikuwa kimepigwa deki na hakijakauka. Bila kuambizana, wazee wale wakakunja magoti na kuanza kuburuta miguu. Shemeji peke yake alikanyaga kivyake, na jeneza likayumba.

"Kisigino chini, ndugu yetu," mmoja alimnong'oneza. "Buruta."

Shemeji akakunja magoti. Akaburuta mguu mmoja, kisha wa pili, machozi yakimtiririka bila mkono wa kuyafuta, na jeneza la kaka yake likatulia.