Limit ya split() ilivyokata neno la Mama Mudogo

Wakuu wa jukwaa, habari za mihangaiko.

Anayetafuta chai apite uzi wa jirani, kwangu hakuna majani wala sukari. Haya yamenitokea mimi mwenyewe hapa Kindu, na mpaka naandika moyo bado hauko sawa.

Kiswahili changu ni cha Maniema, mtanivumilia. Naitwa Amisi, kazi yangu ni kutengeneza website, nakaa commune ya Mikelenge, nyuma ya mashamba ya mihogo.

Nianzie mbali kidogo ili mnielewe.

Wakati wa vita nilikuwa mtoto. Tulikimbia kwa miguu kwenda Tunda, upande wa Kibombo. Tulikuwa mimi, mama yangu, na mdogo wake ambaye mpaka leo namwita Mama Mudogo Zaina. Baba alibaki mjini, hatukujua kama ni mzima.

Mama yangu aliugua njiani, akafia njiani. Safari iliyobaki niliimaliza mgongoni kwa Mama Mudogo.

Tunda hakukuwa na simu. Kulikuwa na phonie, ile redio ya kuitana, unabonyeza unasema, unaachia unasikiliza, na inakula betri ya gari. Aliyeishika ni Papa Asumani. Siku alipompata baba yangu upande wa Kindu, Mama Mudogo akasogezwa mbele ya mashine.

Sasa wakuu, kwetu habari ina adabu yake. Huanzi na neno lenyewe. Unaanza na salamu, unataja walio hai mmoja mmoja, jirani na mke wa jirani, mpaka kila mtu ametajwa. Neno linakuja mwisho, moyo wa msikilizaji ukishatulia.

Mama Mudogo akasalimu. Akasalimu. Akasalimu tena. Papa Asumani akashindwa kuvumilia:

"Mama, betri inakufa! Sema neno!"

"Acha ikufe," akamjibu. "Asikie kwanza wenye wako wazima."

Akanitaja na mimi, kwamba niko, nakula, nimeanza tena kucheza na wenzangu. Mwisho kabisa ndipo akasema, "Na dada yangu tulimuzika ku njia." Baba, upande ule, akasema asante.

Nilikuwa nimesimama pale nimeshika kikwembe cha Mama Mudogo, kitenge alichojifunga. Kwa hiyo mtu asije akanitetea hapa kwamba sikujua desturi. Niliijua vizuri sana.

Vita vikaisha, nikarudi kwa baba, nikasoma. Mama Mudogo akabaki Tunda na shamba lake la mpunga.

Turuke mpaka miaka hii.

Network ya Tunda bado ni ya kubembeleza. Papa Asumani amezeeka lakini kazi yake ni ileile. Watu wanamletea maneno, anayaandika kwenye simu, anapanda kilima kimoja ambako network inashika, anatuma. Website inayopokea nilitengeneza mimi. Ndugu aliyeko Kindu anafungua ukurasa, anasoma, anajibu, na Papa Asumani anaenda kumsomea mwenyewe jibu lake.

Mzee ana tabia ya phonie. Kila kipande cha ujumbe anakitenga kwa slash, kile kimstari cha /, maana zamani hapo ndipo alipokuwa anavuta pumzi. Mimi nikafurahi. String, yaani ujumbe mzima, ikiingia naikata kwenye slash, napata array, yaani orodha ya vipande, kila kipande nakiweka kwenye kisanduku chake: nani anatuma, yuko wapi, anamtumia nani, salamu, salamu tena, na kisanduku kikubwa cha chini nimekiandika NENO.

Visanduku sita. Mwanzoni nilitumia lugha ya PHP:

explode("/", $ujumbe, 6)

Watu wa PHP mnamjua huyu. Ukimwambia sita, anakata vitano vya kwanza, halafu yote yaliyobaki anayarundika kwenye cha sita. Hata mtu asalimie kijiji kizima, neno lake utalikuta mle chini.

Baadaye nikataka usasa. Nikahamisha kila kitu kwenda JavaScript ili ukurasa ufunguke haraka kwenye simu za watu. Nikaandika:

ujumbe.split("/", 6)

Sura ileile, namba ileile. Nikaona nimemaliza.

Wa JavaScript najua mmeshashika kichwa. Huyu ukimwambia sita anakupa sita, na yanayobaki anatupa. Hakuna error, hakuna maandishi mekundu. Na kibaya zaidi kisanduku cha NENO hakibaki kitupu, kinaingia salamu nyingine tu, ukurasa unapendeza kabisa.

Test nilifanya, msinitukane. Niliandika mwenyewe: Amisi / Kindu / kwa Saidi / mambo / poa / tutaonana kesho. Ikapita. Sikumwita mama hata mmoja wa umri wa Mama Mudogo aniambie ujumbe wake. Nilipima mashine ya wazee kwa salamu za vijana.

Basi ujumbe wa Mama Mudogo ukawa unaingia. Anamsalimu mke wangu, anawasalimu watoto, na kule chini kwenye NENO: "na mwenye nyumba yenu musalimie." Najibu palepale: "Salamu zimefika Mama, asante, sisi wazima."

Nilikuwa nafurahi kweli. Nilimwambia mke wangu, unaona Mama Mudogo siku hizi anavyotukumbuka, anatuma kila mara.

Siku moja akaja Mama Anjela, anauza mchele sokoni, dada yake yuko Tunda.

"Fundi, watu ya kwetu wananisalimia tu. Iko nini?"

"Labda hawana neno, Mama. Wamekukumbuka tu."

Akanitazama kutoka utosini mpaka kwenye kandambili.

"Weye ni mutoto ya wapi? Muntu atoke shambani, aende kwa Papa Asumani, juu ya kusalimia tu?"

Nilicheka. Jamani, nilicheka. Nikafungua database ili nimwonyeshe kwamba mashine haidanganyi.

Nashukuru ujumbe mzima nilikuwa nauhifadhi kabla ya kuukata. Wa dada yake ulikuwa mrefu, na mwishoni ulisema: usitume muntu kuchukua mupunga, daraja imevunjika. Mama Anjela alikuwa ameshatuma mtu. Alifyonya, akafunga vizuri kikwembe chake, akaondoka bila kuniaga.

Nikabaki pale naangalia ile code. Haikuchukua muda kuona. Halafu nikatafuta jina la Mama Mudogo.

Ujumbe wake wa kwanza, baada ya salamu zote: "neno njo hili (yaani ndilo hili), mguu imevimba, lakini usiogope."

Unaofuata: "neno njo hili, mguu haikanyage tena chini, kuja unitoshe (yaani unitoe) huku unipeleke ku hopitali."

Na ule wa mwisho: "neno njo hili, mwanangu, kama kazi iko mingi usijisumbue."

Chini ya kila mmoja kuna jibu langu. Salamu zimefika Mama, asante, sisi wazima.

Nililia wakuu. Mtu mzima, mchana, mke wangu akatoka jikoni akidhani kuna msiba.

Nilichukua pikipiki na dereva anayeijua ile barabara. Mvua ilikuwa imeiharibu, kuna sehemu tuliibeba pikipiki sisi. Nilimkuta kwenye mkeka mlangoni, mguu umefungwa majani, amekonda.

Mnajua alifanya nini? Alinisalimu. Akauliza mke wangu, watoto, baba, akamuuliza dereva kwao ni wapi na wazazi wake wanaendeleaje. Mimi nachuruzika matope na machozi, nangoja. Mwisho ndipo akasema:

"Watu walisema umenisahau. Nikagombana nao. Nikasema ule mutoto amesoma, ana kazi ya watu."

Hapo ndipo niliumia kuliko kote. Kumbe muda wote ule aliamini nimesoma ujumbe wake wote. Nimesoma mguu, nimesoma hospitali, halafu nimejibu sisi wazima. Na bado alikuwa ananitetea kwa majirani.

Nikaanza kumweleza, array, limit, vipande sita. Papa Asumani alikuwa amefika, akasikiliza mpaka mwisho.

"Safari hii betri haikukufa," akasema. "Ni weye ulikata."

Nikainama mbele ya mkeka.

Nilimbeba Mama Mudogo mgongoni kutoka mlangoni mpaka barabarani kwenye pikipiki. Alikuwa mwepesi sana. Njia nzima analalamika naenda mbio, mara nitamwangusha, mara yeye hakuwa ananibeba hivyo.

Hospitali waliuokoa mguu. Goti halikunjiki tena. Daktari akaanza kuniambia kama tungewahi, nikamwomba asimalize.

Code niliirekebisha hivi, kwa atakayeihitaji:

const v = ujumbe.split("/");
const neno = v.slice(5).join("/");

Unakata bila limit, halafu mkia wote unauunganisha tena. Ni mistari miwili. Na wale wote ambao ujumbe wao ulikatwa niliwafuata nyumbani kwao, nikawasomea sehemu iliyobaki. Kuna waliocheka, kuna walionifungia mlango, na wote walikuwa na haki.

Nilichojifunza: ukihama lugha, usihame na imani ya lugha ya zamani. Function yenye sura moja si lazima iwe na tabia moja, soma documentation hata kama unajiona mkongwe. Na test yako waandike watu wenyewe watakaoitumia. Mteja akikwambia kuna kitu hakiko sawa, usimcheke.

Hayo ndiyo ya code. Lakini nimefungua uzi kwa sababu nyingine.

Mama Mudogo sasa anaishi kwangu. Anatembea na fimbo, anakula vizuri, amegombana tayari na kuku wa jirani. Ila kuna kitu kimebadilika. Akiniita, haanzi tena na salamu. Nafika tu, anasema, "Maji imeisha." Au, "Goti inauma." Analitoa neno mbio mbio, ananitazama usoni kama nimesikia. Ndipo anauliza nimeamkaje.

Kwa wengine wote bado anasalimu nusu saa. Juzi nikamsikia anamfundisha mke wangu: "Amisi usimuanzie mbali. Neno ya mwisho haimufikie."

Nimemwambia Mama, mashine imepona. Anaitikia, "Ndiyo, baba," na kesho yake anaanza tena na goti.

Kwa hiyo wakuu, mwenye la kunisema aniseme, nimestahili. Code msihangaike nayo, imeshatengenezwa. Lakini mwenye kujua njia ya kumfanya mama aanze tena na salamu, aandike hapa chini. Aandike kwa urefu anaotaka, nasoma mpaka mwisho.