Herufi M Niliyoisahau

Siku yangu ya kwanza kazini, kwenye kliniki ya kifua pale Thika, Msimamizi wa Kumbukumbu, Mzee Rajabu, hakunipa hata kiti. Alinipa sidii moja tupu, sahani ya kuhifadhia mafaili ya kompyuta. "Nyambura, hii si kaseti," Mzee akasema. "Ukiandika, umeandika. Hakuna kufuta."

Nyinyi mnaotuma mafaili kwa kidole mtacheka. Miaka hiyo ya tisini ikielekea mwisho, sidii zilikuwa haba, kwa hivyo moja tuliijaza polepole, mafaili machache kila Ijumaa. Kila awamu tuliiita kikao. Hakukuwa na vipicha vya kubonyeza. Ulichapa amri kwenye skrini nyeusi. Programu ya cdrecord ilikupa namba mbili: kikao cha mwisho kilianzia wapi, na kipya kianzie wapi. Namba hizo uliipa programu ya pili, mkisofs, pamoja na herufi M, ya kuunganisha orodha ya zamani na mpya.

"M ni ya mama," Mzee alinikaririsha. "Bila mama, mtoto mpya hajui ndugu zake."

Lakini mimi nilikuwa mjuaji. Ijumaa moja niliandika haraka haraka, nikaisahau M. Halafu, kama kawaida yetu, nikayafuta mafaili kwenye kompyuta ili nafasi ipatikane.

Jumatatu akaja Mama Kamau kutoka Kiandutu, mgonjwa wa TB, mwezi wake wa tano wa dawa. Kadi yake ilikuwa imelowa mvua, haisomeki. Daktari akataka faili. Bila hilo angemwanzisha upya, sindano na yote. Nikafungua sidii. Mafaili ya Ijumaa tu!

Ngai! Na mama wa watu yuko pale kwenye benchi, ananiuliza kwa upole, "Umeiona, msichana wangu?"

Nilimwendea Mzee nikilia. Hakunigombeza. Akasema, "Nilikuambia nini? Hakuna kufuta. Mafaili yapo, ila hayaonekani. Kompyuta inasoma kikao cha mwisho. Iambie ifungue kile cha kabla."

Nikachapa mount, amri ya kufungulia sidii, nikataja namba ya kikao cha kabla. Orodha ikajaa skrini nzima. Nilipiga ukelele mpaka muuguzi akaja mbio. Mama Kamau akaenda na dawa za mwezi wa tano, si wa kwanza.

Baadaye nilihamishiwa Ruiru, nikawa Msimamizi, na sidii za Thika zikaletwa kabatini kwangu. Vijana niliowafunza waliniita Mama M. Wacha wacheke, hakuna aliyeisahau.

Wiki ya kustaafu, nikikabidhi kabati, niliijaribu ile sidii ya kosa langu. Haiya, ikafunguka! Nikalitafuta faili la Mama Kamau. Mwezi wa sita, neno moja: amepona. Nililichapa mimi mwenyewe, Ijumaa moja ya mwezi uliofuata, baada ya kuikagua M mara tatu.