Jina Kwenye Daftari

Nimewasha dawa ya mbu katika chumba cha nyumba ya wageni hapa Nyololo, na moshi wake umeniletea harufu ya pareto iliyoanikwa uani kwetu.

Mama alikuwa akiigeuza siku karani wa serikali alipotokea na daftari. Kwetu daftari liliogopwa. Wakati wa vita baba mdogo aliandikwa humo, akapelekwa Burma, ikarudi barua tu. Mama akamsukuma kaka yangu mkubwa ndani ya kihenge cha mahindi na kumfunika kwa magunia ya pareto.

"Kamwene, mama. Una vijana wangapi?"

"Ninaye huyu tu," akasema, akinishika bega. Nilikuwa mdogo, bunduki ingenilemea.

Ndani ya kihenge kaka akapiga chafya.

"Na yule?"

"Mbuzi, bwana karani."

"Mbuzi wako ana mafua, mpe dawa," akasema karani, akaandika jina langu. "Vita viliisha zamani, mama. Jumatatu huyu aje shule."

Mama hakumwamini. Jumatatu alinisindikiza hadi barabarani, mkono wake shingoni mwangu.

"Baba yako mdogo aliitika," akaninong'oneza. "Wewe wakikuita, nyamaza."

Darasani mwalimu aliita jina langu mara tatu. Nilitazama dawati.

Sasa mwenye nyumba anagonga mlango, ananiita kwa jina nililoandika kwenye kitabu chake cha wageni. Nasubiri aite tena.