Msusi wa Lanham

Msusi wa pale Lanham, ughaibuni, ana vidole vyembamba vinavyonukia mafuta ya nazi, na husuka huku akibishana na televisheni. Huwazomea wanasiasa. Waimbaji weusi wakipanda jukwaani na misuko yao huwapigia vigelegele kana kwamba amewazaa yeye.

Jumamosi asubuhi aliingia Jepkosgei, mteja wake kwa miaka minane, aliyepunguzwa kazi serikalini.

“Nifumue zote, dada. Niko na intavyuu Jumatatu, na wameniambia nikuje na nywele za ofisi.”

“Na hizi ni za wapi?”

Jepkosgei aliinamisha kichwa. Kwenye televisheni mwigizaji wa Kizungu alikuwa akisifiwa kwa misuko kama hiyohiyo, wakiiita mtindo mpya. Siku nyingine msusi angefoka. Safari hii aliizima tu, akaanza kufumua taratibu, akizilaza rasta mapajani kama nguo za marehemu.

Alipomaliza, Jepkosgei alijitazama kwenye kioo. “Sasa nakaa mtu wa kuandikwa kazi?”

Msusi aliwasha pasi ya nywele, wakasubiri wote wawili ipate moto.