Inshallah ya Mdomoni na Njia ya Mlimani

Ipo siku ambayo kila nikiikumbuka, mwanangu, hata sasa nywele zimeingia mvi, hujikuta nimeuma meno. Nilikuwa kijana kama wewe, nafanya kazi ya uhasibu katika kliniki moja ya mtaa wa Oud Metha, huku Uarabuni, na nilikuwa nawapigia simu wenzangu kuwauliza swali moja tu: unakwenda, au huendi? Hakuna aliyenijibu ndiyo wala la.

Tulikuwa tumealikwa harusi ya mwenzetu Pema. Pema, muuguzi wa kliniki yetu, alitoka kijiji cha milima ya Himalaya, kaskazini kabisa mwa Nepali. Huko gari halifiki. Unashuka kwenye ndege ndogo, kisha unatembea kwa siku kadhaa, tena polepole, kwa sababu ukipanda kwa pupa hewa nyepesi itakuangusha. Baba yake alikwisha kufariki na ndugu wa kuzaliwa naye hakuwa nao. "Upande wangu utakuwa mtupu," alituambia. "Njooni mkae kwenye zulia la dada zake bibi harusi." Tulikuwa wanawake watano, tuliokula naye kila Ijumaa, na sote tuliitikia kwa vigelegele.

Kazi ya kupanga safari nikatwishwa mimi. Loo! Milima haina mzaha. Msimu wa kupita ni mfupi. Theluji ikiziba njia, khalas, safari imekwisha. Mwongoza njia alitaka idadi kamili ya watu apate kuomba vibali na kukodi nyumbu wa mizigo. Nikawauliza wenzangu. Fatma wa Mombasa, mfanyakazi wa hoteli kule Al Mankhool, akasema, "Mie tena? Inshallah shoga, mpaka kileleni!" Grace wa Mwanza, yaya wa watoto wa madam mmoja, akasema, "Mungu akipenda, dada." Mwanaidi na Rehema wakatuma vikatuni vya makofi. Umeomba likizo? Inshallah. Viatu vya baridi umepata? Inshallah. Pasipoti unayo wewe au kafeel, mwajiri wako? Inaletwa picha ya waridi yenye maneno "Ijumaa njema". Sasa niambie, mwanangu, picha ya waridi inahitaji nyumbu wangapi?

Ijumaa moja tulikuwa Al Warqa, nyumbani kwa Bi Zuwena, mzee wa Kizanzibari aliyetulea sote katika mji huu. Tumezunguka sinia la pilau, mara simu ikalia. Alikuwa Pema, aliyekwisha kutangulia kwao. Mama yake, alisema, amezunguka nyumba kwa nyumba kuazima mablanketi, na wazee wametenga nafasi tano. Tukaitikia kwa sauti moja, "Inshallah!"

Simu ilipokatika, Bi Zuwena akarudisha tonge siniani.

"Jina la Mungu mwalifanya pazia," akasema. "Mtu hunuia, akafunga mzigo wake, ndipo akasema inshallah. Nyinyi mwaisema ili msiseme 'siendi'. Mjane wa watu asimame mbele ya wakwe na zulia tupu, kisa haya yenu? Fatma! Wenda, au huendi?"

Fatma akacheka peke yake. "Bibi, mie hata ngazi za ghorofa ya tatu zanitoa roho."

"Sikukuuliza ngazi."

"Siendi, bibi."

"Umekufa?"

"Sijafa."

"Basi kula."

Grace akaanza kulia: madam alimnyima likizo zamani, naye akashindwa kumwambia Pema. Mwanaidi alikuwa na mimba changa. Rehema, ambaye kwa kawaida humsikii, akasema, "Mimi naenda. Likizo nimepewa, viatu ninavyo. Mlikuwa mnapiga kelele, sikupata pa kusemea."

Nikampigia Pema palepale: tunakuja wawili. Akarudia, "Wawili." Kisha akasema, "Afadhali mmeniambia. Nina binamu bonde la pili. Theluji bado, kesho nitatuma mtu awaite."

Siku ya harusi zulia lilijaa. Tulikaa Rehema na mimi, tukihema kama mivukuto ya mhunzi, tumebanana na binamu watatu waliofika jioni iliyotangulia. Mama yake Pema alitumiminia chai ya siagi na chumvi, akatushika mashavu mmoja mmoja, wala hakuuliza wengine wako wapi.

Heri nusu shari kuliko shari kamili, mwanangu. "Siendi" ya mapema humpa mwenzio nafasi ya kutafuta mwingine. "Inshallah" ya uongo humwacha anatandika malazi ya watu wasiokuja. Na bado juzi nimekusikia ukimwitikia rafiki yako "inshallah, inshallah", macho yako hayajatoka kwenye televisheni! Ukialikwa, jipime. Kama huwezi, sema siku hiyohiyo, na kwa mdomo wako. Kama unaweza, omba likizo kwanza, ndipo umtaje Mola.

Mungu akupe ulimi ulionyooka na miguu inayoufuata. Akujaalie wenyeji wakutandikie kwa furaha, na siku utakayolazimika kukataa, akupe moyo wa kutamka na mwenzio moyo wa kukuelewa. Amin.