Glasi ya Marehemu Haigongwi

Leonard alikuwa mwosha vyombo, na kazi hiyo aliichagua mwenyewe. Method, Mhaya mmoja aliyekuwa na kampuni ndogo ya kupika na kuhudumia sherehe kule Annandale, Virginia, nchini Marekani, alimwambia mara nyingi kwamba mtu mwenye sura na Kiingereza kama chake hafai kujificha jikoni. Avae tai, akae mbele, apokee wageni na bakshishi zao. Leonard alikataa kila mara. Mbele kuna chupa. Nyuma, kwenye karo, kuna maji ya moto na sabuni, na sabuni haijawahi kumlevya mtu.

Maana Leonard alikuwa mlevi, na tusimtafutie jina la heshima. Hakuwa mlevi wa kupigana wala wa kulala mtaroni. Alikuwa mlevi wa tabasamu, yule anayekuahidi kila kitu na kuamini kila anachokuahidi. Alizaliwa Kibosho, mlimani, ambako mbege, pombe ya ndizi, hainywewi ovyo, hunywewa kwa sababu: mtoto amezaliwa, posa imeletwa, mtu amefariki. Kosa lake ni kwamba alipokwenda Marekani aliibeba kiu, akaziacha sababu nyumbani.

Siku moja ya theluji alitoka kwenda kumchukua binti yake shuleni, akapitia mahali mara moja tu. Jacqueline alikuwa darasa la kwanza. Alisimama nje ya mlango wa shule mpaka walimu wakaondoka wote, mpaka mfagiaji akamwona na kumrudisha ndani, vidole vyake vimekuwa vigumu kama vijiti. Baba alipofika alikuwa anatafuna karafuu na kutabasamu. Adela, mkewe, hakumfokea. Alifungasha, akahamia Germantown kwa dada yake, na tangu siku hiyo akawa anamwita Baba Jackie kwa sauti ile ile aliyotumia kwa wagonjwa wake hospitalini.

"Mtoto utamwona kila Jumamosi," Adela alisema mbele ya padri wa misa ya Kiswahili. "Ila mimi nitakunusa kwanza. Siku nikisikia pombe, Baba Jackie, ndiyo mwisho. Sitakupigia simu kukueleza. Hutamwona tena."

"Nimekubali," Leonard alisema.

Basi kila Jumamosi, kwenye stesheni ya Shady Grove, mwisho wa njia ya treni iitwayo reli nyekundu, mwanaume mzima mwenye mvi za kwanza aliinamisha kichwa, na mkewe akamnusa kama mtu anavyonusa maziwa ya jana. Kisha Adela akauachia mkono wa mtoto. Watu walipita, wengine wakatazama. Leonard aliivumilia aibu hiyo kwa sababu ndiyo iliyokuwa nauli yake ya kumfikia binti yake, na nauli nyingine hakuwa nayo. Misimu ya baridi ikapita hivyo, na hakuonja hata tone. Tumpe haki yake katika hilo.

Mwezi Machi mama yake akafariki. Kesi ya Leonard ya makaratasi ilikuwa bado iko uhamiaji, na wakili alimwambia wazi kwamba akitoka nje ya nchi asitegemee kurudi. Kwa hiyo Leonard alimzika mama yake kwa simu. Binamu yake aliishika simu juu ya kaburi, na Leonard, amekaa kwenye ngazi za chumba chake cha chini kule Annandale, alisikia upepo, kwaya kwa mbali, na koleo. Mbege ilipikwa kama ilivyo desturi. Kikombe cha kwanza cha msiba ni cha mtoto mkubwa wa kiume: akipokee kwa mikono miwili, anywe, awapitishie wazee. Mtoto mkubwa wa kiume alikuwa yeye. Binamu alikipokea kwa niaba yake. Jambo hilo lilimkwama kooni, na hakumwambia mtu.

Aprili ikaja, na siku ya kufa nyani miti yote huteleza.

"Leonard, leo uniokoe," Method alisema mchana wa Ijumaa, wakishusha masanduku ya glasi mlangoni mwa ukumbi. "Mhudumu wangu ame-cancel. Ame-text sasa hivi, eti gari limekufa Herndon. U-serve trei tu, basi."

"Method, unaijua hali yangu."

"Naijua, ndugu yangu. Lakini nani amekwambia unywe? Hata wageni wenyewe hawanywi. Wanaonja, halafu wanatema."

"Wanatema wapi?"

"Kuna ndoo."

Ilikuwa kweli. Waandaaji wa sherehe hiyo walikuwa Waarmenia wa Virginia, na mwaliko ulisema ni safari ya kuonja utamaduni wa Armenia. Meza zilipangwa kama vituo vya njiani. Kituo cha kwanza kilikuwa na mikate myembamba kama shuka na divai nyekundu ya zabibu za kwao. Cha pili kilikuwa na divai ya komamanga, cha tatu aprikoti zilizokaushwa na jibini la chumvi, na mwisho kabisa ilikuwapo brandi ya rika tatu, ya ujana, ya utu uzima na ya uzee. Pembeni mzee mmoja alipuliza filimbi ya mti wa aprikoti, yenye sauti ya mtu anayelia huku amefunga mdomo. Wageni, watu wa maofisi ya Washington ambao wengine walikuwa bado wana vitambulisho shingoni, walizungusha glasi, wakanusa, wakasukutua, wakatema kwenye ndoo. Leonard alipita kati yao na trei, na kila aliposikia divai ikianguka ndooni moyo ulimuuma. Huko kwao hata machicha ya pombe yana mwenyewe.

Aliyeongoza safari hiyo aliitwa Gregori, mzee mwenye nyusi nene na suti iliyomzidi. Kwa desturi yao, kwenye meza huwapo mtu wa kuitakia heri kila glasi, na hakuna anayekunywa kabla huyo hajasema. Hilo lilimpendeza Leonard. Hatimaye aliona wazungu wanaokunywa kwa sababu.

Nyuma ya Gregori ilitundikwa picha kubwa ya mlima, na Leonard alipoiona nusura trei imponyoke. Vilele viwili, kimoja kikubwa chenye theluji, kingine kidogo kando yake. Kibo na Mawenzi, alijisemea, wamefikaje hapa?

"Huu ni Ararati," Gregori aliwaambia wageni. "Ukiwa Yerevan unauona kila asubuhi ukifungua dirisha. Lakini uko ng'ambo ya mpaka. Tunautazama tu. Hapo ndipo safina ilipotua, na jambo la kwanza alilofanya Nuhu aliposhuka, alipanda mizabibu. Kwa hiyo msitulaumu sisi. Mlaumuni Nuhu."

Wageni walicheka, na Gregori akaishia hapo. Leonard, aliyesoma mafundisho ya kipaimara chini ya fimbo ya katekista, alijua yanayofuata. Alijua mzee Nuhu alilewa akalala uchi hemani, na wanawe wawili wakachukua nguo wakamwendea kinyumenyume, nyuso wamezigeuza, wakamfunika wasiuone uchi wa baba yao. Sehemu hiyo haikuwekewa meza.

Walipofika kwenye brandi ya uzee, filimbi ilinyamaza. Gregori alisema Aprili ndio mwezi wao wa kuwakumbuka watu wao waliouawa zamani, wengi bila kaburi, na kwamba glasi hii ni ya marehemu wote.

"Glasi ya marehemu haigongwi," alisema. "Tunasimama, tunanyamaza, tunakunywa. Na hii, tafadhali, msiiteme."

Wote wakasimama. Leonard alikuwa ukutani, trei tupu kifuani, machozi yanamtoka bila ruhusa. Hakuwa na mkono wa kuyafutia. Gregori alimwona. Watu walipoketi, mzee akaja hadi pale ukutani na glasi yake mkononi.

"Na wewe una mtu?"

"Mama yangu, bwana. Mwezi uliopita."

"Ulimzika?"

"Sikuweza kwenda. Yuko chini ya mlima kama ule."

Gregori aliinua glasi yake, akanywa kidogo, halafu akaishika kwa mikono miwili, akamnyooshea.

Hapa ndipo Leonard alipopotea, na Mchagga yeyote anaweza kukwambia kwa nini. Kule mlimani anayekupa kinywaji hukionja kwanza mbele yako, ujue hakuna sumu ndani wala kinyongo. Akishaonja, akakupa, mambo yamekwisha. Ukikataa umemwita mchawi. Ukikataa kikombe cha msiba, umesema marehemu hakuwa kitu kwako. Gregori hakuyajua hayo. Alikuwa mzee mwenye huruma asiyekuwa na glasi nyingine karibu. Leonard angesema, "Asante bwana, mimi situmii," mzee angekwenda mwenyewe kumletea juisi ya aprikoti na kumpiga bega. Lakini Leonard hakumwona Gregori tena. Aliwaona wazee wa Kibosho wamekaa mgombani, na kikombe kilichompita kimerudi kumtafuta.

Aliweka trei chini. Akapokea kwa mikono miwili, akanywa.

Ilikuwa nzuri, na huo ndio ukatili wake. Ilishuka taratibu, ikamfungua kifua, na kwa mara ya kwanza tangu Machi alihisi kwamba amemzika mama yake. Yangeishia hapo, nisingekuwa na la kusimulia. Lakini kazi ilikuwa bado. Alirudi jikoni na trei za glasi za wageni, na waonjaji, kama tulivyoona, si watu wa kumaliza. Robo hapa, funda pale, nyingine zina alama za rangi ya midomo. Leonard alisimama mbele ya karo lake, lile lililomlinda muda wote huo, akazimaliza moja baada ya moja. Kwa glasi ya kwanza alikuwa na sababu. Kwa zilizofuata alikuwa na kiu tu. Kama aliitazama na ile ndoo, hayo tumsitiri.

Asubuhi alipiga mswaki hadi fizi zikatoka damu. Alikunywa maziwa, akatafuna tangawizi, halafu karafuu, konzi nzima. La kuvunda halina ubani, na hilo alilijua hata akitafuna. Alifikiri kumpigia Adela simu aseme anaumwa. Adela angeelewa mara moja, maana Leonard hakuwahi kukosa Jumamosi hata siku alipokuwa na homa ya kutetemeka. Asipokwenda, amemkosa mtoto. Akienda, amemkosa vilevile, ila angalau atakuwa amemwona. Akapanda treni.

Shady Grove magari yote yalikuwa na vumbi la manjano la maua, lile la kila Aprili. Adela alishuka kwenye gari macho mekundu, leso mkononi.

"Hili vumbi la maua litaniua, Baba Jackie," alisema, sauti imeziba. "Nimemeza dawa zote, hamna kitu. Sisikii hata harufu ya kitunguu."

Mungu ni mwema, Leonard aliwaza, na papo hapo akaona aibu kumshukuru Mungu kwa jambo kama lile.

Adela alimtazama. Akajifuta pua. Kisha akamgeukia binti yake.

"Jackie, leo nenda wewe. Mkumbatie baba, halafu uniambie. Unajua ninachotaka."

"Mama Jackie, mtoto usimwingize," Leonard alisema.

"Nani alimwingiza, mimi?"

Jacqueline alikuwa darasa la tatu sasa, mrefu kwa umri wake, na begi la zambarau mgongoni. Kiswahili alikisikia chote, lakini kukijibu alikuwa hakijibu. Ukimwita kwa Kiswahili alikuitikia kwa Kiingereza, na bibi yake wa Kibosho alikufa akilalamikia hilo kwenye simu. Alitembea polepole mpaka kwa baba yake. Leonard alipiga goti, akaziba pumzi kama mtu anayetaka kuzama. Mtoto akamzungushia mikono shingoni, uso wake ukatua chini ya sikio la baba. Akavuta pumzi.

Leonard alihisi ile mikono midogo ikikakamaa. Hakuhitaji kuambiwa. Karafuu zile mtoto alizijua tangu siku ya theluji.

Jacqueline alijitoa, akamgeukia mama yake.

"Baba hajanywa, Mama," alisema, kwa Kiswahili kilichonyooka. "Hanuki kitu."

Adela alimtazama mtoto, kama anayetafuta jambo asilolipata. Labda ni kile Kiswahili kilichomshangaza. Labda alichoka tu. Leonard alikuwa bado amepiga goti. Ulikuwa wakati wake wa kusema. Neno moja lingetosha, na mtoto angeutua mzigo ule pale pale kabla hajauzoea. Alifungua mdomo, akaona ataikosa Jumamosi hii na nyingine zote, akaufunga.

"Haya," Adela alisema. "Saa kumi na moja umrudishe hapa."

Gari likaondoka. Baba na binti walipanda jukwaani kusubiri treni ya kwenda mjini. Kawaida Jacqueline alimshika mkono kwenye ngazi. Leo mikono yake ilikuwa kwenye kamba za begi.

"Jackie," Leonard alianza, "jana usiku baba..."

"Don't talk close to people, okay?" mtoto alisema. Alilishusha begi, akafungua mfuko mdogo wa mbele, ule wa zipu, akatoa pakiti ya bigijii za mnanaa. Karatasi yake ilikuwa imechakaa kwa kukaa sana.

"Hizi umenunua lini?"

"A long time ago. They're yours. In case."

Akamnyooshea moja, uso ameugeuzia relini, asimtazame. Leonard akaipokea kwa mikono miwili, akaanza kutafuna.